Saratani ya kizazi: matundu madogo au kupasuliwa tumbo?

Mwanamke aliyekoma hedhi kisha akaona damu tena, hata kama ni tone moja kwenye nguo, anapaswa kufika hospitalini. Mara nyingi chanzo huwa si saratani. Hata hivyo, damu hiyo ndiyo dalili kuu ya saratani inayoanzia ndani ya kizazi chenyewe, na akina mama wengi wanaoiripoti mapema hukutwa ugonjwa haujatoka nje ya kizazi. Tiba kuu katika hatua hiyo ni kuondoa kizazi pamoja na mirija, na mara nyingi ovari pia.

Swali linalozuka majumbani, Bodo kama Diani, ni hili: je, saratani inaweza kutolewa salama kupitia matundu madogo, au ni lazima tumbo lipasuliwe?

Kupasuliwa tumbo kunajulikana na wengi: mkato mmoja mrefu, kidonda kikubwa, siku kadhaa wodini. Kwa njia ya matundu, mgonjwa hulazwa usingizi, tumbo hujazwa hewa, kisha kamera na vifaa vyembamba huingizwa kupitia matundu machache. Kizazi hutolewa kikiwa kizima kupitia ukeni. Hakikatwikatwi tumboni, kwani vipande vinaweza kumwaga seli za saratani. Kikiwa kikubwa mno, tumbo hupasuliwa.

Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2009 na 2012, uliwahusisha wanawake 2,616 wenye saratani hii. Baada ya miaka 5, takriban 90 kati ya kila 100 walikuwa hai, katika makundi yote mawili. Waliopata madhara ya wastani au makubwa baada ya upasuaji walikuwa 14 kati ya 100 kwa matundu, na 21 kwa tumbo kupasuliwa. Waliofanyiwa kwa matundu waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi, jambo zito kwa mama anayesubiriwa na ndoo za maji na wajukuu. Lakini karibu robo yao ilibidi wapasuliwe tumbo upasuaji ukiwa umeshaanza. Hilo si kosa la daktari. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba linaweza kutokea.

Hapa pana mtego wa lugha. Watu husema "saratani ya kizazi" wakimaanisha pia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake nchini Kenya. Kwa hiyo ya mlango, majibu yaligeuka. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wagonjwa wa hatua za mwanzo waliofanyiwa upasuaji mkubwa kwa matundu walirudiwa na ugonjwa na kufariki zaidi ya waliopasuliwa tumbo. Baada ya miaka minne na nusu, waliokuwa hai bila ugonjwa walikuwa 86 kati ya 100 kwa matundu, dhidi ya zaidi ya 96. Basi swali la kwanza kwa daktari liwe: saratani yangu iko kwenye mlango, au ndani ya kizazi?

Upasuaji wa matundu unahitaji mashine na daktari aliyeuzoea, na si kila hospitali ya umma inavyo. Mama aliyepangiwa tarehe ya kupasuliwa tumbo asiiache akisubiri mashine. Njia hiyo huondoa saratani sawasawa. Kinachoongezeka ni muda wa kupona na uwezekano wa madhara baada ya upasuaji.

Mkazi wa Bodo mwenye dalili aanzie zahanati iliyo karibu au amweleze mhamasishaji wa afya ya jamii, apate barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Msambweni. Wanaohitaji matibabu zaidi ya saratani hupelekwa Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa. Usajili wa SHA ukaguliwe kabla ya safari ya feri, na majibu ya vipimo yabebwe yote.