Kupatwa kwa jua: Jeraha la jicho lisilo na maumivu

Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha mwezi kitapita kaskazini mwa Afrika na kusini-magharibi mwa Uarabuni. Katika ukanda mwembamba unaoanzia Hispania na Moroko hadi Misri, Saudi Arabia, Yemen na Somalia, jua litafunikwa lote. Karibu na mji wa Luxor, Misri, giza hilo litadumu kwa zaidi ya dakika 6.

Nchini Kenya, Uganda na Tanzania, jua litafunikwa sehemu tu. Kwa usalama wa macho, tofauti hiyo ni kubwa: pale ambapo jua halifunikwi lote, hakuna hata sekunde moja iliyo salama kulitazama kwa macho matupu.

Siku za kawaida ukali wa jua humlazimisha mtu kugeuza uso. Linapopatwa, mwanga hupungua na mtu huweza kulikodolea macho. Hata hivyo, kipande kilichobaki, kiwe chembamba kama hilali, hung'aa kwa ukali uleule. Lenzi ya jicho huikusanya miale yake kwenye retina, utando ulio nyuma ya jicho, hasa katikati, sehemu inayotuwezesha kusoma na kutambua nyuso.

Retina haina neva za maumivu, hivyo mtu huumia bila kujua. Dalili hujitokeza saa kadhaa baadaye, pengine kesho yake: ukungu, doa katikati ya kila akitazamacho, au mistari iliyonyooka kuonekana imepinda. Hakuna tiba iliyothibitishwa. Wengi hupata nafuu baada ya wiki au miezi, lakini wengine hubaki na doa hilo maisha yao yote.

Jua lilipopatwa nchini Marekani tarehe 21 Agosti 2017, jijini New York nako lilifunikwa sehemu tu. Madaktari wa jiji hilo walimchunguza mwanamke kijana aliyekuwa amelitazama, wakakuta jeraha kwenye retina yake lina umbo la hilali, mfano wa jua lenyewe siku ile.

Miwani ya kawaida ya jua, kioo kilichopakwa masizi, filamu ya eksirei na beseni la maji havikingi macho. Kinachofaa ni miwani maalumu yenye kiwango cha ISO 12312-2, isiyo na mikwaruzo, au kioo cha mchomeleaji cha namba 14. Miwani hiyo isivaliwe kutazamia ndani ya darubini.

Asiye na miwani hiyo atoboe tundu dogo kwenye karatasi ngumu, alipe jua mgongo, aache mwanga upite tunduni na kuangukia karatasi nyingine. Hata chini ya mwembe, mianya ya majani huchora hilali nyingi ardhini, na hizo mtoto anaweza kuzitazama bila hofu.

Anayeona doa au ukungu baada ya kulitazama jua amwone daktari wa macho mapema, hata kama hasikii maumivu yoyote.