Kuchagua Kipokezi cha Setilaiti kwa Kazi ya Kupima Wakati

Ubora wa saa hupimwa kwa kazi inayokusudiwa. Mwalimu wa zamu anayepiga kengele ya vipindi hapati hasara kubwa saa yake ikikosea nusu dakika. Kwa mafundi wa umeme mambo ni tofauti. Waya wa msongo mkubwa unapopata hitilafu, mshtuko wa umeme hukimbia kuelekea ncha zote mbili za waya kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru. Mafundi hukokotoa mahali pa hitilafu kutokana na tofauti ya nyakati za kufika kwa mshtuko huo. Saa za ncha mbili zikihitilafiana kwa milisekunde moja tu, hesabu hukosea kwa kilomita 150 hivi. Zikihitilafiana kwa mikrosekunde moja, kosa hushuka hadi mita 150.

Usahihi wa namna hii hupatikana leo kwa kutumia kipokezi kidogo cha mawimbi ya setilaiti. Lakini vipokezi havifanani, na bei peke yake si mwongozo wa kutosha.

Saa zilizo angani

Setilaiti za mfumo wa GPS wa Marekani huizunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila moja hubeba saa za atomu. Tangu mwaka 1967 sekunde yenyewe imefafanuliwa kwa atomu ya sizi: ni muda wa mitikisiko 9,192,631,770 ya mnururisho wake. Kwa kuwa mvutano wa dunia ni hafifu huko juu, na setilaiti zenyewe huenda mbio, saa hizo zingezitangulia za ardhini kwa mikrosekunde 38 kila siku, kama nadharia ya Einstein inavyoeleza. Kwa sababu hiyo hurekebishwa mapema.

Kipokezi hutafuta mambo manne: vipimo vitatu vya mahali kilipo, na wakati. Ndiyo maana huhitaji setilaiti zisizopungua nne. Kila nanosekunde inayokosewa ni sawa na sentimita 30 za safari ya nuru.

Aina mbili za vipokezi

Aina ya kwanza ni kipokezi cha kuongozea safari, kama kilichomo ndani ya simu au gari. Aina ya pili kimeundwa kwa ajili ya wakati. Aina zote mbili huweza kutoa pigo la umeme kila sekunde, lakini zinatofautiana kwa mambo mawili makubwa.

Kwanza, kipokezi cha wakati huweza kuambiwa kwamba hakihami. Hupima mahali kilipo kwa saa nyingi, hushika wastani, kisha huacha kutafuta mahali na kuelekeza nguvu zote katika wakati. Baada ya hapo hata setilaiti moja yatosha.

Pili, pigo haliwezi kutolewa ila pale saa ya ndani ya kipokezi inapopiga. Ikiwa saa hiyo hupiga mara milioni 48 kwa sekunde, kati ya pigo na pigo kuna nanosekunde 21 hivi, na pigo la sekunde huangukia lile la ndani lililo karibu zaidi. Ni mithili ya kupima penseli kwa rula yenye alama za sentimita tu. Kipokezi cha wakati hutaja kila sekunde kiasi kilichokosewa, ili kitolewe katika hesabu.

Jambo lingine ni ionosfera, tabaka la hewa lenye chembe za umeme, ambalo huchelewesha mawimbi. Katika nchi zilizo karibu na ikweta ya sumaku ya dunia tabaka hilo hubadilika sana, hasa baada ya jua kuchwa. Kipokezi kinachosikiliza masafa mawili hulinganisha ucheleweshaji wa kila moja na kuuondoa sehemu kubwa.

Makosa yasiyo ya kipokezi

Chombo kizuri huharibiwa na ufungaji mbaya. Antena ipewe uwazi wa anga pande zote, mbali na kuta na mabati yanayorudisha mawimbi. Waya wake nao huchelewesha ishara kwa nanosekunde 5 hivi kila mita. Mita 20 ni nanosekunde 100, na ni lazima zihesabiwe.

Aidha, wakati wa GPS si ule wa kimataifa unaotangazwa redioni. Tangu Januari 1, 2017, umeutangulia kwa sekunde 18. Kipokezi kilichowashwa upya huweza kuhitaji dakika 12 na nusu kabla ya kupata habari hiyo kutoka angani.

Hata setilaiti zenyewe hukosea. Tarehe 26 Januari 2016 baadhi ya setilaiti za GPS zilitangaza tarakimu zisizo sahihi, na vipokezi vingi vikapotoka kwa mikrosekunde 13 hivi. Kwa hiyo kituo muhimu hutumia mifumo zaidi ya mmoja, pamoja na saa imara ya fuwele iliyotunzwa katika joto lisilobadilika, ili iendeleze wakati mawimbi yakikatika.

Uamuzi

Kituo cha matetemeko ya ardhi, kinachohitaji milisekunde, hutosheka na kipokezi cha kawaida chenye pigo la sekunde. Mafundi wa umeme wanaohitaji mikrosekunde huweza kukitumia pia, lakini cha wakati huwapa amani zaidi. Maabara inayolinganisha saa za atomu haina budi kuwa na kipokezi cha wakati chenye masafa mawili. Anayejua kosa analoweza kulivumilia ameshamaliza nusu ya kazi ya kuchagua.

Maswali ya darasani

1. Ishara hupita katika waya wa antena kwa theluthi mbili za mwendo wa nuru. Waya wa mita 30 huichelewesha kwa nanosekunde ngapi?
2. Kwa nini kipokezi kinachojua mahali kilipo huhitaji setilaiti moja tu?