Kazi ya Profesa Banza imefika mbali: je, imefika nyumbani?

Sisi wa Kinsevere tunaishi na mgodi. Vumbi la barabara tunalijua: linakaa juu ya sombe, juu ya nguo kwenye kamba, na kwenye mikono ya watoto. Juma hili tunazungumza juu ya mtu aliyetumia miaka mingi kupima kile ambacho vumbi la migodi linaacha ndani ya mwili. Ni Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, mtaalamu wa sumu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kitengo cha Afya ya Umma.

Mara nyingi tunasikia mtu akisifiwa: "Huyu ni mtafiti mkubwa." Ukubwa huo wanaupima namna gani?

Kwanza wanaangalia maandishi yake. Mtafiti akimaliza kazi anaandika makala, na wataalamu wengine wanaichunguza kabla jarida halijakubali kuichapisha. Pili wanaangalia ni mara ngapi makala hiyo imenukuliwa. Mtafiti wa China au Ubelgiji akitumia matokeo ya Lubumbashi, analazimika kutaja yametoka kwa nani. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza hesabu inayounganisha mambo hayo mawili. Mwenye makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10, alama yake ni 10. Mwenye makala 100 ambazo hakuna aliyezinukuu, alama yake ni sifuri.

Sasa tuangalie kazi zenyewe.

Mwaka 2009 Profesa Banza na wenzake, akiwemo Profesa Benoit Nemery wa chuo kikuu cha Leuven huko Ubelgiji, walichapisha utafiti uliopima mkojo wa watu 351 wa Katanga, wakubwa kwa watoto. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodini au kiwandani walikuwa na kobalti nyingi. Watafiti waliandika kwamba viwango hivyo vilikuwa vya juu kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida. Tangu hapo, anayeandika juu ya kobalti na afya ya watu wa Katanga ni vigumu airuke makala hiyo.

Mwaka 2018 ilifuata kazi ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti kati ya nyumba zao. Wakaaji wake walikuwa na kobalti nyingi zaidi katika damu na mkojo kuliko watu wa mtaa wa jirani. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Kwao zilionekana pia dalili za kuumia kwa ADN, yaani maandishi ya urithi yaliyo ndani ya kila chembe ya mwili.

Mwaka 2020 kundi hilo la watafiti, pamoja na madaktari Daan Van Brusselen na Tony Kayembe-Kitenge, lilichapisha utafiti juu ya watoto waliozaliwa na ulemavu Lubumbashi. Walilinganisha watoto 138 wenye ulemavu na 108 wasio nao. Jambo lililohusiana zaidi na ulemavu lilikuwa kazi ya baba katika migodi. Utafiti huo haukuthibitisha ni metali gani inayoleta shida, na haumhukumu baba yeyote. Lakini umefungua swali ambalo kila mama mjamzito wa hapa ana haki ya kuuliza.

Hata hivyo, tusidanganywe na hesabu. Kunukuliwa sana si uthibitisho wa ukweli. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield wa Uingereza aliandika juu ya watoto 12, akihusisha chanjo yenye kinga ya surua na ugonjwa wa usonji. Makala yake ilinukuliwa sana, na wazazi wengi waliogopa chanjo. Mwaka 2010 jarida lenyewe liliifuta. Kazi nzuri inajulikana pale watafiti wanapopima tena, mahali pengine, na kukuta jambo lilelile.

Tena, kunukuliwa hakufuti vumbi. Makala hizi tatu zimeandikwa kwa Kiingereza. Zimesomwa London na Beijing, lakini mama aliyetoa mkojo wa mtoto wake anasoma Kiswahili au Kifaransa. Bila kikombe chake kidogo, hakuna jedwali, hakuna makala, na hakuna alama ya mtafiti. Kwa hiyo matokeo ni yake pia.

Mama, mtafiti akija mlangoni kwako, mkaribishe, kisha muulize:

Ametumwa na nani, na kamati gani ya maadili imekubali kazi yake?

Anapima nini, na kipimo kinaweza kumdhuru mtoto?

Matokeo yatarudi lini, kwa lugha gani, na yakiwa mabaya nani atatusaidia?

Jina la mtoto litafichwa namna gani?

Una haki ya kukataa, au kuacha katikati, bila kunyimwa matibabu.

Na wakati tunangoja, tupunguze vumbi nyumbani. Tunyunyize maji kabla ya kufagia. Tuoshe lengalenga na matembele kwa maji safi zaidi ya mara moja. Watoto wanawe mikono kabla ya kula bukari. Baba anayetoka mgodini avue nguo za kazi nje, na zifuliwe peke yake, mbali na nguo za mtoto.

Mzigo huu hata hivyo si wa mama peke yake na beseni lake. Vumbi linalotoka mgodini na barabarani linapaswa kuzuiwa hukohuko. Katika vikundi vyetu, tukikaa kwenye likelemba, tusomeane ukurasa huu. Tukienda mbele ya viongozi au kampuni, tusiseme tu "tunasikia vumbi ni baya." Tuseme: limepimwa, na miongoni mwa waliolipima ni watu wa hapa kwetu.