Siku ya Mapumziko na Ndege wa Mto Sebeya

Siku ya mapumziko si zawadi ya mwajiri. Mkataba Na. 14 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1921, unasema mfanyakazi wa viwandani apate walau saa 24 mfululizo za kupumzika katika kila siku saba. Haki hiyo ilipiganiwa. Swali ni hili: tunaitumiaje?

Wengi wetu tunaimalizia kilabuni, tukarudi kazini mifuko mitupu na vichwa vizito. Iko burudani nyingine isiyo na kiingilio: kwenda mtoni na familia, kula chakula majanini na kutazama ndege.

KUTOKA CYANZARWE HADI MTONI

Sekta ya Cyanzarwe iko wilayani Rubavu, juu ya mji wa Gisenyi. Udongo wake wa volkano hustawisha viazi na maharage, lakini hunywa maji ya mvua upesi. Anayetaka mto huteremka upande wa Rugerero hadi Sebeya. Mto huo hutoka milima ya Rutsiro, hupita katika nchi ya chai, huzungusha mitambo ya umeme ya Gihira na Gisenyi, kisha huingia Ziwa Kivu.

WA KUTAZAMWA

Juu ya mawe utamwona ndege mdogo mweusi na mweupe, mkia haumtulii. Wanyarwanda humwita inyamanza, na ukoo wa Abagesera humheshimu kama ndege wao. Karibu na ziwa yuko mdiria. Huelea hewani akipiga mabawa, kisha hujitupa majini kama jiwe na kuibuka na kisamaki. Huenda ni sambaza, samaki walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959. Malishoni utawaona yangeyange weupe wakifuata ng'ombe.

Umusambi, korongo mwenye taji, ni nadra zaidi. Watu walikuwa wakimkamata na kumfuga majumbani na hotelini kama pambo. Mwaka 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana alianza kazi ya kuwarudisha porini. Hesabu ya mwaka 2017 haikufika ndege 500 katika Rwanda nzima. Ile ya mwaka 2022 ilipita 1,000. Kwa hiyo ukikuta kinda lake, usilichukue wala usilinunue.

NDEGE NA USALAMA WETU

Jambo hili si la starehe tu. Msitu wa Gishwati, milimani unakoanzia Sebeya, ulikuwa na hekta zipatazo 28,000 katika miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki kama 600. Miti ilipoondoka, ndege walikosa makao, na udongo ukakosa wa kuushika. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua kubwa iliua watu zaidi ya 130 nchini, wengi wao Mkoa wa Magharibi, na Sebeya ikafurika na kubomoa nyumba za watu Rubavu. Waliokuwa bondeni ni watu kama sisi.

Majani na mianzi ya ukingoni ambamo ndege hujificha ndiyo hiyo hiyo inayoshika udongo. Anayelima hadi kwenye maji huwafukuza ndege na kumwekea jirani hatari. Vivyo hivyo, anayeosha bomba la dawa ya shambani mtoni huwatilia sumu samaki, ndege, na watoto wanaochota maji chini yake.

NAMNA YA KUTAZAMA

Nendeni alfajiri, ndege wanapotafuta chakula. Vaeni nguo zisizong'aa. Kaeni kimya mahali pamoja. Ndege watasogea wenyewe. Darubini moja yaweza kununuliwa kwa mchango wa kikundi na kutumiwa kwa zamu. Mtoto mmoja apewe daftari aandike tarehe, mahali na ndege aliyeonekana. Baada ya miaka michache daftari hilo litaonyesha ni ndege gani wamepungua.

Mkiona mawingu mazito milimani au maji yakigeuka tope, ondokeni mara moja, hata kama kwenu jua linawaka. Takataka mrudi nazo nyumbani.

Matawi ya chama yapange safari hizo kwa zamu, wake, waume na watoto pamoja. Saa 24 hizo ni zetu, na ukingo wa Sebeya tuutunze sote.