Pikipiki ya Lami na ya Njia za Mlimani

Mtu atokaye Tanga kwa pikipiki akielekea Mtae, ukingoni mwa milima ya Usambara, hukutana katika safari moja na barabara za tabia mbili zisizopatana: kwanza barabara kuu ipitayo Segera na Korogwe, ambako mabasi na malori humpita kwa upepo wa kumyumbisha, kisha, akiisha kupinda Mombo na kuipanda lami nyembamba ya makona mpaka Lushoto, humngoja mbele ya huko njia ya udongo mwekundu ambayo kiangazi ni vumbi na masika ni utelezi mtupu. Pikipiki iliyoundwa kwa lami peke yake itamfikisha Lushoto kwa raha, na hapo ndipo taabu yake ianzapo. Ile ya mashindano ya matopeni haina taa wala ruhusa ya kupita barabarani, na kiti chake ni adhabu. Baina ya hizo mbili ipo aina ya tatu, yenye kuziweza njia zote mbili pasipo kuwa bingwa wa hata moja.

Aina hiyo haikuwako tangu kale. Waliopenda kupita porini walikuwa wakichukua pikipiki nzito za barabarani, wakazivua hiki na kile ili kuzipunguzia uzito, mpaka mwaka 1968 kampuni ya Yamaha ilipoanza kuuza huko Marekani DT-1 yake ya cc 250, nyepesi na yenye taa zote zitakiwazo na sheria. Mwanzoni mwa 1979 Mfaransa Cyril Neveu alishinda mashindano ya kwanza ya kutoka Paris hadi Dakar juu ya Yamaha XT500, yenye silinda moja tu iliyopozwa kwa upepo. Kwetu sisi sifa ya pikipiki hizi haikuenezwa na mashindano, bali na mabwana shamba na mabwana afya waliofika nazo vijiji ambavyo gari halikuthubutu: DT 125, Honda XL, na ile Yamaha AG 100 ambayo mnyororo wake umefungiwa ndani ya kasha lake usione vumbi, chombo ambacho, kwa insafu, hakijapata kusifiwa kadiri ya utumishi wake.

Katika kuchagua, wengi huanza na ukubwa wa injini, nami naona hapo ndipo wapoteapo. Suzuki DR650SE ina uzito wa kilo 166 hivi, na kiti cha Honda XR650L kiko sentimita 94 juu ya ardhi, kadiri ya kwamba mtu wa kimo cha wastani hukanyaga chini kwa ncha za vidole tu. Ni pikipiki hodari mno kwa masafa marefu, lakini utakapoanguka nayo peke yako kwenye mteremko wa matope, na hakuna apitaye njia hizo asianguke, utajua maana ya uzito. Pikipiki ya cc 125 hadi 250 huenda kilomita 80 kwa saa kwenye lami bila manung'uniko, na mtu mmoja aweza kuiinua. Basi ichague kwa kipande kibaya kabisa cha njia yako, hata kama kipande hicho ni sehemu ya kumi ya safari, maana kwenye lami pikipiki ndogo itakuchelewesha tu, ilhali mlimani kubwa yaweza kukulaza njiani. Atakayekula lami kutwa nzima kila siku ana udhuru wa kununua kubwa.

Tazama pia gurudumu la mbele, ambalo katika aina hii aghalabu huwa la inchi 21 au 19, ili lipande jiwe badala ya kukwama. Tairi lenye kashata kubwa hushika matope vizuri, lakini kwenye lami huvuma, huisha upesi, na mvua inyeshapo hutereza. Kwa ajili hiyo tairi la kati na kati lawafaa wengi, pamoja na hekima ya kulipunguza upepo kutoka kadiri ya paundi 30 za lami hadi 20 hivi kwenye matope na mchanga, na kuujaza tena urudipo barabarani. Zaidi ya yote, uliza kama fundi wa mji wako anaijua pikipiki hiyo na kama vipuri vyake vyapatikana, kwani iliyo bora duniani ikikosa waya wa klachi haina thamani kuishinda baiskeli.

Ama utunzaji, adui wa kwanza ni vumbi. Chujio la hewa la sponji lataka kuoshwa kwa mafuta ya taa au maji ya sabuni, si kwa petroli, ambayo huweza kuyeyusha gundi yake. Kisha likaushwe kabisa, lilowanishwe oili na kukamuliwa, kwa sababu ni ile oili inasayo vumbi, na sponji kavu hupitisha chembe za mchanga zinazosaga pistoni na silinda. Wakati wa kiangazi kazi hii haingoji mwisho wa mwezi.

Mnyororo nao usikazwe kama wa pikipiki ya mjini. Shokomzoba za aina hii hupanda na kushuka sana, na mnyororo uonekanao sawa pikipiki ikiwa imesimama waweza kukaza kupita kiasi mtu akikaa juu yake, ukala beringi na sproketi. Kwa pikipiki nyingi, ulegevu wa milimita 30 hadi 40 ndio mwafaka. Ukibadilisha mnyororo, badilisha na sproketi zake zote mbili, la sivyo mpya utaliwa na meno ya zamani. Spoki zigonge kwa spana moja moja, kama mpiga udi ajaribuye nyuzi zake: iliyolegea hutoa sauti butu.

Oili ya injini hizi ndogo ni kama lita moja tu, nayo ndiyo hiyo hiyo iogeshayo klachi, kwa hiyo nunua iliyotengenezwa kwa pikipiki, maana baadhi ya oili za magari hufanya klachi iteleze. Na injini ikinywa maji ukivuka mto, usipige kiki: fungua plagi kwanza, uizungushe injini polepole mpaka maji yatoke.

Ikiwa utanunua iliyokwisha tumika, usihadaike na rangi mpya. Kabla ya kutoa fedha, mwombe muuzaji akufungulie kifuniko cha chujio la hewa. Ukikuta sponji kavu limejaa vumbi, mshukuru kwa muda wake, ukatafute nyingine.