Kwanza Mnara, Kisha Simu

Katika mambo ambayo vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe huyajadili kwa hamasa ipitayo hata ile ya kandanda, hakuna lenye mabingwa wengi kama suala la simu ipi iliyo bora: mmoja atakuhesabia kamera zake, wa pili atakutajia kasi ya chipu, na wa tatu, ambaye aghalabu ndiye mwenye sauti kubwa, atakuapia kwamba isiyokuwa na tofaha mgongoni si simu. Waulize, walakini, mnara wanaoutegemea wakiwa kitandani kwao Mtongwe uko wapi, na simu zao husikia masafa gani, utaona mabishano yamekatika ghafula. Rai yangu ni kwamba mpenzi wa vyombo hivi huianza hesabu yake mwisho. Hununua chombo kwa sifa zake, kisha akakitafutia laini, kisha akaishi na bando lolote atakalolipata, ilhali kwa mkaazi wa bara ya Mombasa, nje ya kisiwa, njia iliyo salama ni kuanza pale alipo, kwenye kuta zake na mnara wake, ndipo aiendee laini na bando, na simu aitie mwisho.

Wala tusidhani kwamba taabu yetu ni umbali na chimbuko la mtandao, kwani sisi tumeketi mlangoni pake. Hadi mwaka 2009 habari zilizotoka Kenya kwenda ng'ambo kwa intaneti zilipanda kwenye setilaiti na kushuka tena, kwa gharama kubwa na mwendo wa kusuasua. Mwaka huo ndipo ilipotua Mombasa waya ya TEAMS, iliyolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, naye Rais Mwai Kibaki akaja mwenyewe kuipokea mwezi wa Juni, ikafuatwa na SEACOM mwaka huo huo, na EASSy mwaka uliofuata. Safaricom nao walipofungua 4G mwezi wa Desemba 2014, waliifungua Nairobi na Mombasa kwanza. Hata hivyo ukaribu huo si kinga, maana Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini na mtandao wa Afrika Mashariki ukazorota, mwenye simu ya laki na mwenye simu ya elfu nane walizubaa pamoja.

Kutoka ufukoni hadi kiganjani ipo safari ya mwisho isiyokuwa na waya, nayo ndiyo ihitilafianayo kwa mtaa na mtaa. Mnara husema na simu kwa mawimbi ya redio ya masafa mbalimbali: yale ya chini, ya megahezi 700 na 800, hufika mbali na hupenya kuta kwa wepesi, ilhali yale ya juu, ya 1800, 2100 na zaidi, hubeba shehena kubwa lakini hudhoofika upesi yakikutana na ukuta. Basi zitazame nyumba zetu. Nyumba ya Kiswahili ya Likoni ama Mishomoroni, yenye vyumba vinavyotazamana ukumbini, aghalabu imejengwa kwa matofali mazito ya mawe na kuezekwa mabati, na bati huyarudisha mawimbi yalikotoka. (Mababu zetu walioezeka kwa makuti, laiti wangalikuwa na simu, wasingaliipata taabu hii.) Barazani simu huandika 4G kwa fahari, ukivuka kizingiti hushuka 3G, ukifika chumba cha ndani kabisa hubakia herufi E peke yake, na mwenye chumba huiweka simu juu ya kizingiti cha dirisha, akaisogeza hivi na hivi, mpaka ujumbe wa WhatsApp uliotumwa tangu adhuhuri ukaingia.

Kuna na jambo la pili ambalo hata wajuzi hulisahau, nalo ni kwamba vijiti vya mtandao vinavyoonekana juu ya skrini hukuarifu kwamba wewe na mnara mwasikizana, wala havikuarifu kwamba mnara una nafasi. Ni mithili ya mtu aliyesimama Likoni saa kumi na mbili asubuhi, aionaye feri imeegesha mbele yake, waziwazi, na asipate pa kukanyaga. Mitaa yenye wapangaji wengi, kama vile Chaani, Bombolulu na Timbwani, hujaa watu waliorejea kutoka kazini baada ya isha, kila mmoja na simu yake, wote wakiutegemea mnara mmoja au miwili. Na kwa hivyo mtandao uliokuwa ukienda mbio saa nne asubuhi huwa wa kutambaa saa tatu usiku. Sharti la kwanza la uchaguzi, basi, ni kuazima laini ya kila kampuni kwa jirani au kwa jamaa, na kuijaribu ndani ya chumba ulalacho, mara moja mchana na mara moja usiku, kabla hujatoa hata senti. Asiyekaa mahali pamoja ana hesabu nyingine: utingo wa lori litokalo Changamwe kwenda Malaba hapati faida kwa laini iliyo nzuri Magongo ikiwa itamtupa baina ya Mariakani na Voi.

Mfano ulio dhahiri wa madhara ya kutozingatia masafa ni ule wa Faiba. Kampuni ya Jamii Telecommunications ilipouingiza mtandao wake wa 4G mwezi wa Desemba 2017, bei zake ziliwavuta watu wengi. Lakini mtandao huo ulitumia masafa ya 700, haukuwa na 2G wala 3G ya kuangukia, na hata sauti ya mazungumzo ilipita kwa njia ya 4G, jambo ambalo simu nyingi za siku hizo hazikuliweza. Wapo walioinunua laini kwa furaha, wakaitia katika simu ya fahari, na simu ikakaa kimya kama kwamba haikutiwa kitu. Haikuwa mbovu, haikuumbwa kuyasikia masafa yale.

Kwetu sisi mtindo uliozoeleka ni laini mbili katika simu moja, na sababu yake ni ya kitarehe zaidi kuliko ya kiufundi. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, nambari ya Safaricom imekuwa ndiyo mfuko wa fedha, ndiyo karo na ndiyo kodi ya nyumba, na hata iliporuhusiwa mwaka 2011 mtu kuhamia kampuni nyingine na nambari yake ile ile, waliohama walikuwa wachache mno. Watu wakafanya akili: nambari ya fedha ikabaki pale pale, na laini ya pili, iwe ya Airtel au ya mwingine, ikawa ya kutafutia bando rahisi. Huu ni ustadi, nami nausifu. Na kwa ajili yake simu isiyopokea laini mbili, hata iwe na uzuri gani, naihesabu kuwa pungufu kwa mtu wa bara ya Mombasa.

Tuje kwenye bando, mahali ambapo fedha hupotea kidogo kidogo bila mwenyewe kuhisi. Mabando yamegawika katika yale yenye muda, wa saa, siku, wiki au mwezi, na yale yasiyokwisha muda, ambayo Safaricom waliyaleta mwezi wa Oktoba 2019. Lile lijulikanalo na kila kijana, la GB 1 kwa saa moja kwa shilingi chache, huonekana kuwa ni bei ya kutupa. Lakini hebu lipigie hesabu. Kwa mtandao wenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, GB 1 hushuka kwa muda wa takriban dakika 13, na kwa hivyo anayetaka kupakua filamu au kuisasisha simu yake amepata tijara; ama yule asomaye habari na kujibu jumbe, saa itamwishia na sehemu kubwa ya bando haijaguswa. Nilimsikia mama mmoja auzaye bando chini ya mwavuli kule Likoni akimwambia kijana aliyekuwa na haraka, "Mwanangu, hiyo ya saa moja, nusu yake utaimaliza hapa hapa kwenye foleni ya feri." Kijana akacheka, akachukua ya hadi saa sita za usiku.

Ajuaye kiasi atumiacho hadanganyiki. Netflix wenyewe wamesema kwamba picha zao za daraja ya HD zaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na za daraja ya kawaida hadi GB 1. Na simu yoyote ya leo, ukiingia kwenye mipangilio yake, itakuonyesha kila programu imekula kiasi gani. Aghalabu mla mkubwa huwa ni video zijichezazo zenyewe, na sasisho zipitazo kichinichini usiku mtu amelala. Mwenye kuishiwa akakimbilia Okoa Jahazi, mkopo wa Safaricom, ajue kwamba hukatwa asilimia 10, na kwamba katika kila bando, la mkopo au la taslimu, karibu robo ya fedha ni ushuru na kodi ya serikali.

Simu yenyewe sasa ni nyepesi kuichagua. Ile iletwayo na jamaa kutoka Marekani huenda imefungwa kwa kampuni ya huko, au haisikii masafa ya 800, na iPhone ziuzwazo huko tangu toleo la 14 la mwaka 2022 hazina kabisa kijishimo cha laini, bali hutaka laini ya kielektroniki, ile iitwayo eSIM. iPhone iliyonunuliwa Dubai ilikuwa, kwa miaka mingi, haina FaceTime. Ya dukani nayo bonyeza *#06#, uilinganishe nambari itokeayo na iliyoandikwa kwenye boksi. Waliopuuza hayo waliamka tarehe 1 Oktoba 2012 wakakuta simu zao bandia zimezimwa kote nchini. Ile ya Lipa Mdogo Mdogo, mpango wa Safaricom ulioanza mwaka 2020, jumlisha malipo yote ya kila siku kabla ya kuikubali, kisha kumbuka kwamba ukichelewa hujifunga. Sifa ya kustahimili maji isikudanganye ukaingia nayo Shelly Beach, kwani majaribio yale hufanywa kwa maji baridi, na chumvi ni hasimu wa tundu la chaja. Zaidi ya kamera, uliza simu itasasishwa miaka mingapi: Google kwa Pixel 8 na Samsung kwa Galaxy S24 waliahidi miaka 7, na simu nyingi za bei ya chini hazifiki hata nusu ya hiyo.

Ama 5G, ambayo Safaricom waliianza rasmi kibiashara mwezi wa Oktoba 2022 na Airtel wakafuata mwaka 2023, sioni haja ya mtu kuikimbilia kwa ajili ya simu peke yake. Palipo na faida ni katika nyumba ya wapangaji. Vyumba sita vinunuavyo bando kila siku, kila kimoja kivyake, hutumia kwa mwezi fedha ambazo mara nyingi zingetosha kulipia mtandao mmoja wa nyumba wa 5G, na wapo waliokwisha kuungana wakafanya hivyo Kiembeni na Mikindani. Ugomvi wao si wa fedha tena, ni wa mahali pa kukiweka kile kisanduku cha waifai. Nami ningewashauri wakitundike ukumbini, juu, katikati, wala kisiwe ndani ya chumba cha yeyote.