VALIZI ZENYE MOTERE NDANI YA UWANJA WA NDEGE



Wengi kati yetu wamekwisha kuona kwa video ya telefone mutu anakaa juu ya valizi yake na anakwenda nayo mbio kama juu ya pikipiki. Tunacheka, tena tunaitamani. Lakini chombo hiki kinaomba akili kwa mambo mawili: miguu ya wengine, na moto wa batri.

1. MIGUU YA WENGINE

Mutu anayetembea anafanya karibu kilometa 5 kwa saa. Valizi hizi zinapita 10, zingine zinafikia 13. Sasa mukumbuke somo la fizikia: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya kugonga haiko mara mbili, iko mara ine. Na ndani ya uwanja wa ndege kuna wazee, mama wenye kubeba watoto, vipofu, na watu wanaosoma saa za ndege juu ya ukuta bila kuangalia chini. Aliyekaa juu ya valizi iko chini sana, hawamuoni.

Kwa Japani, viwanja vya Kansai na Chubu viliomba wasafiri wasizipande ndani ya majengo yao. Kwenye barabara, polisi ya kule inazihesabu kama pikipiki ndogo: lazima permi na kofia ya kukinga kichwa. Mwaka 2024, kule Osaka, mutu mumoja alipelekwa mbele ya sheria kwa kupanda valizi yake bila permi kwenye njia ya waendao kwa miguu.

Basi, pale wanapokataza, shuka na uikokote. Pale wanaporuhusu, enda polepole sawa na watu, na usipande nayo kwenye ngazi ao ndani ya mustari. Kukiwa watu wengi, shuka. Mwenye motere njo anapaswa kuchunga mwenye miguu, si mwenye miguu kumukimbia.

2. MOTO WA BATRI

Batri ya litiumu ikigongwa vibaya ao ikiharibika ndani, inaweza kuwaka yenyewe, na kipande kimoja kinawasha jirani yake. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege moja ya mizigo iliyobeba batri nyingi za namna hii ilishika moto hewani na ikaanguka Dubai. Marubani wake wawili walikufa.

Ndani ya chumba cha wasafiri, moshi unaonekana mara moja, na wafanyakazi wanamwanga maji kuipoza batri. Chini kwenye mizigo hakuna mutu. Ndiyo sababu ya sheria hii: mbele ya kutoa valizi kwenye mizani, toa batri, ipande pamoja na wewe. Ile ambayo batri yake haitoki, wanaweza kuikataa yote.

Tena kuna hesabu. Chukua voliti mara ampea-saa, utapata wati-saa. Mufano: 36 × 2 = 72. Paka 100, inapita. Kutoka 100 paka 160, omba ruhusa kwa kampuni ya ndege. Juu ya 160, haipande katika ndege ya wasafiri. Batri ya akiba ya telefone, ambayo wengi wetu tunayo, inafuata hesabu ile ile: usiiweke kamwe katika muzigo wa chini.

Kwa hiyo, mwenye kutumiwa valizi hii na ndugu wa Ulaya, ao mwenye kwenda kusoma mbali kisha shule hii, asome maandiko juu ya batri na kuuliza kampuni akiwa angali nyumbani. Mbele ya mizani, watu wamefunga mustari nyuma yako, hakuna tena wakati wa kufanya hesabu. Wanakuambia tu: acha valizi, ao baki nayo.

Mukubwa wa wanafunzi, darasa la mwisho